Tairi Likifungwa Vibaya, Nani Hulipa?

Hotuba kwa wamiliki na madereva wa magari, Nakuru

Bwana Mwenyekiti, wamiliki wa magari, madereva, na nyinyi mafundi mliokubali kuketi nasi asubuhi ya leo,

Nimeombwa nizungumze juu ya haki za mteja ambaye gari lake limefungwa matairi vibaya, na ningependa kuanza na jambo ambalo mawakili wenzangu hulisema mwishoni. Katika madai ya aina hii sheria ya Kenya imo upande wa mteja kuliko wengi wanavyodhani, lakini mteja mwenyewe huipoteza kesi yake katika saa chache za kwanza, kabla hata hajamwona wakili, kwa kuuacha ushahidi kando ya barabara au kwenye lundo la vyuma chakavu nyuma ya gereji. Kwa sababu hiyo nitasema machache kuhusu mahakama na mengi kuhusu nati.

Wengi huamini kwamba gurudumu huning'inia kwenye boliti zake. Sivyo. Kinacholishikilia ni mbano kati ya uso wa rimu na uso wa habu, yaani kile kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa juu yake, na mbano huo hutokana na boliti kuvutwa kwa nguvu maalumu ambayo mtengenezaji wa gari ameiandika katika kitabu chake. Kwa magari mengi madogo ya Toyota ni takribani newtonimita 103, hicho kikiwa kipimo cha nguvu ya kukaza nati. Nguvu ikipungua, rimu huanza kucheza juu ya habu, nati hulegea zaidi kwa kila mzunguko, na matundu ya rimu hupanuka hadi yakawa na umbo la yai. Nguvu ikizidi, kama inavyotokea fundi anapoikandamiza mashine ya upepo hadi inyamaze yenyewe, boliti huvutika kupita kiasi, nyuzi zake huharibika, diski ya breki inaweza kupinda, na boliti inaweza kukatika siku nyingine kabisa ambapo hakuna anayemkumbuka aliyeikaza. Fundi mwangalifu husafisha uso wa habu, huanza kila nati kwa mkono, hukaza kwa kuvuka upande wa pili badala ya kufuata duara, hushusha gari chini, kisha humalizia kwa spana ya kupimia nguvu. Halafu humwambia mteja arudi baada ya kilomita 50 hadi 100 ili nati zipimwe tena, kwa maana rangi, kutu na vumbi vilivyobanwa kati ya rimu na habu hujipanga upya gari linapotembea, na mbano hupungua.

Wengi wetu hapa tunaendesha magari yaliyotoka Japani, na yapo makosa yanayotokana na hilo. Toyota nyingi zenye rimu za aloi za kiwandani hutumia nati ndefu zenye washa bapa, ilhali rimu za chuma hutumia nati ambazo ncha yake imechongoka kama pia ya kuchezea watoto. Mtu akibadilisha rimu na kubakiza nati zilezile, nati haiketi mahali pake hata ikikazwa na mtu mwenye nguvu za ng'ombe. Hili si kosa la dereva. Anayejua, au anayepaswa kujua, ni yule aliyepokea pesa kwa kazi hiyo.

Makosa mengine hayana kishindo lakini yana gharama. Kuna matairi yenye mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzungukia, na mengine yenye neno OUTSIDE linalopaswa kutazama nje. Yakifungwa kinyume, gari hupoteza mshiko wakati wa mvua. Kuna namba ya uwezo wa kubeba mzigo: tairi lenye namba 91 limekusudiwa kubeba kilo 615, na lenye namba 106 kilo 950, kwa hiyo anayefunga tairi la gari dogo kwenye gari la kubebea abiria au mizigo kwa sababu tu limeingia kwenye rimu amefanya kosa ambalo halihitaji mtaalamu kulithibitisha, kwa kuwa limeandikwa ubavuni. Kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, ambapo 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Aliyeuziwa tairi hilo leo kama jipya lililotoka kiwandani juzi amedanganywa. Na kuna ile tabia yetu ya kutia tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu ili kuficha rimu iliyopinda au iliyoliwa na kutu, bila mteja kuambiwa.

Sasa sheria yasemaje?

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu, haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro ya bidhaa au ya huduma. Naomba mlitazame lile neno huduma. Watu wengi huja ofisini wakidhani kwamba wana haki juu ya tairi walilonunua, lakini kazi ya mikono ya fundi ni bahati nasibu. Katiba haikutenganisha hivyo.

Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Machi 2013, inalijenga jambo hilo kwa kina zaidi. Inahesabu kwamba kila mtoa huduma ametoa ahadi ya ubora hata kama hakutamka neno lolote, na inabatilisha maneno yoyote ya mkataba yanayojaribu kuifuta ahadi hiyo. Kwa hiyo lile bango tunalolijua sote, lililochorwa kwa rangi nyekundu juu ya kaunta, kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi na kwamba gari limeegeshwa kwa dhima ya mwenyewe, halina uwezo wa kumnyima mteja madai yake pale bidhaa au kazi ina kasoro. Linaweza kumzuia aliyebadilisha mawazo tu, aliyeona rangi ya rimu haimpendezi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo ni ya zamani zaidi, nayo inadai kwamba bidhaa iliyonunuliwa kwa kazi ambayo muuzaji ameelezwa iifae kazi hiyo.

Ndani ya sheria hiyo ya 2012 kuna sehemu nzima inayohusu ukarabati wa magari, na ninashangaa jinsi inavyotajwa kwa nadra. Inamtazama kama mkarabati kila mtoa huduma anayefanya kazi kwenye gari au kulitengeneza, na sioni namna ambayo mfunga matairi anaweza kujitoa katika maelezo hayo. Mkarabati anatakiwa kutoa makadirio ya bei kabla ya kuanza kazi, na akishayatoa haruhusiwi kudai zaidi ya asilimia 10 juu yake. Anatakiwa kupata idhini ya mteja kabla ya kufanya kazi inayolipiwa. Anatakiwa kutoa ankara. Na anatakiwa kumpa mteja nafasi ya kurudishiwa vipuri vilivyotolewa kwenye gari.

Hapo kwenye vipuri vilivyotolewa ningependa tukae kidogo. Matairi ya zamani ni mali yako hadi useme vingine. Desturi imekuwa kwamba mteja hulipa, huingia garini na kuondoka, na matairi yake hubaki pale kana kwamba ni takataka. Kumbe baadhi ya matairi hayo huchongwa mifereji upya kwa kisu cha moto na kuuzwa kwa mwenye haraka wa kesho. Lakini kwa mintarafu ya hoja yangu, tairi la zamani, nati za zamani na valvu ya zamani ndivyo vinavyoonyesha gari lilikuwaje kabla fundi hajaligusa. Gereji itakapodai kwamba boliti zako zilikuwa zimeoza tangu mwanzo, utajibu kwa kitu gani ikiwa kila kitu ulikiacha kwao?

Sehemu hiyohiyo inaweka waranti ya kisheria: vipuri vipya au vilivyofanyiwa ukarabati, pamoja na kazi ya kuvifunga, vinahesabiwa kuwa vimedhaminiwa kwa siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Na gari likiharibika njiani au likawa si salama kuendeshwa kwa sababu ya kazi hiyo, mahali ambapo si jambo la busara kulirudisha kwa fundi wa kwanza, mwenye gari anaweza kulitengeneza katika gereji iliyo karibu, kisha akamdai fundi wa kwanza gharama ya kazi ya awali na gharama ya kukokotwa iliyo ya kadiri. Waranti hiyo hupotea kama mteja amelitumia vibaya gari au kipuri. Aliyepakia nyanya hadi springi zikalala asitarajie huruma.

Chukueni mfano wa mwanamke aliyefungiwa matairi manne mapya Nairobi asubuhi na kuanza safari ya kuja huku. Karibu na Limuru anasikia mgongano mdogo upande wa nyuma kushoto, unaopotea akiongeza mwendo na kurudi akipunguza. Usukani unatetemeka kidogo. Anaendelea, kwa sababu gari limetoka gereji leo na mtu hatarajii kasoro kutoka hapo. Baada ya Naivasha gurudumu linachomoka, gari linakaa kwa diski, fenda inapasuka, na Mungu bariki hakuna aliyeumia. Vijana wanajitokeza, wanaokota gurudumu, wanatafuta nati mbili zilizobaki, wanatoa nati moja kutoka kila gurudumu lingine, wanamfungia, na kwa malipo kidogo anaondoka. Walimsaidia kwa moyo mwema. Lakini ndani ya nusu saa wameuvuruga ushahidi wote, kwa sababu sasa kila gurudumu la gari hilo limeguswa na mkono mwingine, na wakili wa gereji atauliza swali moja tu: ni nani aliyezifungua nati hizi mara ya mwisho?

Angefanyaje? Kwanza usalama, pembetatu za tahadhari, watu mbali na lami. Kisha, kabla mtu hajagusa kitu, picha za simu, na si picha za gari zima pekee. Piga picha ya boliti moja moja kwa karibu. Boliti ambazo nyuzi zake zimesuguliwa zikawa laini na kung'aa, pamoja na matundu ya rimu yaliyopanuka na kuacha unga mweusi wa chuma, husimulia kwamba nati zililegea polepole. Boliti iliyokatika kwa uso mkavu wa chembechembe, huku tundu la rimu likiwa zima, huelekeza kwingine, pengine kwenye kukazwa kupita kiasi. Piga picha ya magurudumu matatu yaliyobaki, kwa sababu nati zilizolegea huko pia zina uzito kuliko maneno ya shahidi yeyote. Piga picha ya dashibodi inayoonyesha kilomita. Okota nati na vipande vya boliti uvitie kwenye mfuko. Mpigie fundi simu palepale, kisha umtumie ujumbe wa maandishi unaoeleza kilichotokea, ili saa ya malalamiko yako ijulikane. Gari likokotwe, lisifungwe kwa kubahatisha. Na kabla ya matengenezo, mkaguzi asiyehusika na upande wowote alitazame na kuandika ripoti yenye tarehe na sahihi yake. Ripoti hiyo ina gharama, lakini nayo hudaiwa pamoja na hasara nyingine.

Tairi likipasuka, ugumu huongezeka, kwa sababu wanaoweza kulaumiwa ni watatu: aliyelitengeneza au kuliuza, aliyelifunga, na aliyeliendesha. Tairi lililoendeshwa likiwa na upepo mdogo huonyesha mkanda wa msuguano kuzunguka ubavu wake, na ndani yake hukutwa unga wa mpira. Lililogonga shimo huwa na mpasuko uliotulia mahali pamoja, mara nyingi wenye alama inayolingana nao kwenye ukingo wa rimu. Lililoumizwa na fundi wakati wa kulivisha huchanika ukingoni, pale mzunguko wa waya unapoketi ndani ya rimu. Kwa sababu hiyo usikubali kamwe kuambiwa uache tairi lililopasuka dukani ili lipelekwe kwa kampuni kuchunguzwa, bila wewe kupewa karatasi iliyosainiwa inayotaja namba zote za ubavuni. Ukinunua tairi duka moja na kulifunga kwa fundi wa duka la pili, wadai wote wawili kwa maandishi tangu mwanzo, na waache waelekezane vidole wakati wewe umeketi kimya.

Kuhusu karatasi: ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba ulimlipa mtu fulani kiasi fulani saa fulani, lakini hauthibitishi ulilipia nini. Dai ankara ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, inayoeleza kazi, namba ya gari na kilomita. Fundi akikataa, muandikie kwenye WhatsApp, "Asante kwa kunifungia matairi manne leo, gari namba fulani," na akijibu hata kwa neno moja, umepata ushahidi. Ujumbe huo usiufute, na simu usiibadilishe kabla ya madai kwisha.

Hatua inayofuata ni barua ya madai. Iwe fupi: ulichofanyiwa, lini, kilichotokea, unachodai na kwa nini, picha na ripoti zikiwa zimeambatishwa, na muda wa kujibu, kwa mfano siku 14. Dai hasara unayoweza kuionyesha, yaani rimu, boliti, fenda, kukokotwa, ukaguzi, usafiri wa kukodi, na kwa mwenye teksi au matatu, mapato ya siku ambazo gari lilisimama, yakithibitishwa na hesabu za kabla ya hapo. Ninawasihi msiongeze chumvi. Gereji nyingi zenye jina la kulinda hulipa zinapoona barua yenye vielelezo, na hugoma zinapoona barua yenye hasira na tarakimu za kubuni.

Wasipolipa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya mwaka 2016, mahakama ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021, na sasa zimeenea hadi miji mingine, huu wetu ukiwamo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mikataba ya bidhaa na huduma, ya uharibifu wa mali na ya fidia ya majeraha. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Si lazima uwe na wakili, mahakama haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na rufaa kwenda Mahakama Kuu ni kwa hoja za kisheria pekee. Nasema haya huku nikijua kwamba ninajipunguzia kazi. Kwa upande wa udanganyifu, kama tairi la zamani kuuzwa kama jipya, mnaweza pia kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na kwa bidhaa isiyofikia viwango, kwa KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya. Lakini asiwadanganye mtu kwamba lalamiko huko huchukua nafasi ya kudai pesa zenu.

Ni haki niseme pia linalowauma mafundi. Mteja aliyeandikiwa kwenye risiti arudi baada ya kilomita 50, asirudi, kisha akasikia mgongano na kuendelea na safari, anaweza kukutwa na mchango wake katika hasara, na fidia ikapunguzwa kwa kadiri ya uzembe wake. Yule mwanamke wa mfano wetu ataulizwa kuhusu Limuru. Kwa maoni yangu hatapoteza yote, kwa sababu nati haikulegea kwa kosa lake, lakini sehemu fulani inaweza kukatwa. Na kama risiti haikusema lolote kuhusu kurudi, fundi hana pa kusimamia hoja hiyo. Ndiyo maana ningeshauri kila gereji inunue spana ya kupimia, iandike kwenye ankara nguvu iliyotumika na kilomita za kurudi, na mteja atie sahihi. Karatasi hiyo humlinda fundi mwema kuliko bango lolote.

Fundi wa kando ya barabara, mwenye jeki na pampu chini ya mti, anabanwa na sheria hiyohiyo. Tofauti ni kwamba hukumu dhidi ya mtu asiye na duka wala akaunti ni ngumu kuitekeleza, na bei yake nafuu ina hatari hiyo ndani yake. Piga picha ya mahali, ya kazi yenyewe na ya namba aliyolipiwa.

Mwisho ni kuhusu muda, na kuhusu wasio wateja. Madai yanayotokana na mkataba hufa baada ya miaka 6, na yanayotokana na uzembe baada ya miaka 3. Abiria aliyevunjika mguu, au mpita njia aliyegongwa na gurudumu lililochomoka, hakuwa na mkataba na gereji, lakini anaweza kuidai kwa uzembe, na kwake yeye muda unaohesabika ni ule mfupi. Wapo wanaosubiri kesi ya trafiki iishe kwanza, na hushtuka kukuta mlango wa fidia umefungwa; kesi ya trafiki haisimamishi saa hiyo.

Nitapokea maswali sasa, na aliyekuja na risiti, nati au picha za gari lake azilete hapa mezani tuzitazame pamoja.